Je, Wajua? Gesi ya Kicheko Ndani ya Injini, na Jua la Isiolo

Je, wajua kwamba gesi inayolifanya gari lichomoke kama limepigwa teke haiwaki hata kidogo? Iwashie kiberiti, haishiki moto. Jina lake ni nitrasi oksaidi. Vijana wa magari huiita NOS, na hilo si jina la gesi bali la kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1978 kuuza mitungi na vifaa vyake. Jina limeganda midomoni kama vile sabuni yoyote ya unga nchini Kenya ilivyoitwa Omo. Filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001 ililifikisha jina hilo kila mahali penye televisheni, na wengi waliitazama wakaamini kwamba ndani ya mtungi mna mafuta makali kuliko petroli.

Ndani ya mtungi hamna mafuta. Mna oksijeni iliyofungwa pamoja na nitrojeni. Katika kila gramu 44 za gesi hiyo, gramu 16 ni oksijeni, yaani asilimia 36 ya uzito wake, ilhali hewa tunayovuta ina asilimia 23 tu. Gesi ikifika ndani ya silinda, joto la humo huivunja: oksijeni inaachiliwa ikachome petroli, nitrojeni inabaki kuutuliza moto usije ukawa wa kishindo. Ukilishika hilo moja, kwamba mtungi unaleta pumzi wala hauleti mafuta, umeshaelewa sababu ya karibu kila kanuni ya usalama itakayofuata hapa chini.

Injini hula hewa kuliko petroli. Kilo moja ya petroli inataka takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kumwaga petroli zaidi ndani ya silinda ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kupata hewa ya kuichoma. Turbo hulitatua hilo kwa kusukuma hewa kwa nguvu, nayo nitrasi hulitatua kwa kubeba hewa ya ziada mgongoni.

Tuje Isiolo sasa. Mji huu uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho peke yake kila pumzi ya injini imepungua kwa asilimia 12 hivi ukilinganisha na Mombasa. Nanyuki, karibu mita 1,950, upungufu unafika sehemu moja ya tano. Ndiyo maana gari lisilo na turbo likiupanda mlima kutoka Isiolo kuelekea Subuiga na Timau hutweta kama mzee mwenye gunia, na dereva hulaumu mwinuko. Mwinuko una lawama zake, lakini mwenziwe ni hewa yenyewe, inayozidi kuwa nyepesi kila kona.

Shida hiyo ya hewa nyepesi ndiyo iliyoipeleka gesi hii kwenye injini mara ya kwanza kwa wingi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani waliziwekea ndege zao za kivita mfumo ulioitwa GM-1, uliopuliza nitrasi oksaidi ndani ya injini ndege ilipokuwa juu sana, mahali ambapo hewa haitoshi. Waingereza nao waliitumia kwenye baadhi ya ndege zao aina ya Mosquito. Rubani alikuwa na dakika chache tu za nguvu hiyo kabla ya tangi kukauka.

Kabla ya ndege, gesi ilikuwa ya madaktari na wageni wa karamu za mabwanyenye. Joseph Priestley, Mwingereza, aliitengeneza mwaka 1772. Humphry Davy aliivuta mwenyewe mara nyingi mjini Bristol mwaka 1799, akacheka, akaiita gesi ya kicheko, na mwaka uliofuata akaandika kwamba huenda ingefaa kuondoa maumivu ya upasuaji. Hakuna aliyemsikiliza. Ilipita miaka 44 kabla ya Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford huko Marekani, kuketi kitini Desemba 1844 na kung'olewa jino lake mwenyewe chini ya gesi hiyo. Hadi leo ni gesi ya vyumba vya upasuaji na vya kujifungulia, na mtungi wake wa hospitali kwa desturi hupakwa rangi ya bluu.

Lakini gesi ya hospitali na ya gari hazipaswi kubadilishana nyumba. Ile inayouzwa kwa magari Marekani hutiwa salfa dioksaidi kidogo makusudi, ili anayejaribu kuivuta akereketwe koo na kichefuchefu kimpande. Wanaoivuta kwa starehe huharibu vitamini B12 mwilini, na wengine huishia na ganzi ya miguu na kushindwa kutembea. Uingereza iliiingiza katika orodha ya dawa za kulevya Novemba 2023 kwa sababu hiyo.

Sasa mtungi wenyewe, na hapa ndipo ningependa msomaji wa Isiolo aketi na kusikiliza kwa makini kuliko msomaji wa mahali pengine popote.

Ndani ya mtungi gesi imebanwa ikawa maji. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi, presha humo ni kama mara 50 ya hewa ya kawaida. Tairi la gari dogo lina kama mara mbili tu. Mtungi wa gesi ya kupikia, ule unaoketi pembeni ya meko, hata robo ya presha hiyo haufiki. Halafu angalia inavyopanda: kwa nyuzi 0 ni kama 31, kwa nyuzi 20 ni kama 50, kwa nyuzi 30 ni kama 63. Kwa nyuzi 36.4 inafika 72 hivi, na hapo linatokea jambo la ajabu. Maji na mvuke vinakuwa kitu kimoja. Mstari uliovitenganisha unafutika, na mtungi mzima unajaa kitu kisicho maji wala gesi. Kuanzia hapo, kila nyuzi inayoongezeka huikweza presha kwa kasi zaidi, na kadiri mtungi ulivyojazwa ndivyo hatari ilivyo.

Washindani wa nchi za baridi hununua blanketi la umeme la kuuvalisha mtungi, maana nitrasi hutaka presha ya 62 hadi 69 hivi ili ifanye kazi kama ilivyopimwa. Presha hiyo hupatikana kati ya nyuzi 30 na 34. Yaani mtungi uliokaa kivulini Isiolo alasiri tayari una kile ambacho mtu wa Ulaya anakilipia umeme. Ila gari lililofungwa vioo na kuachwa juani karibu na soko hupita nyuzi 50 bila shida. Mwenye mtungi kwenye buti ya gari hilo ana presha asiyoijua, na atakapobonyeza swichi, tundu lililopimwa kwa kiasi fulani cha gesi litapitisha kiasi kingine kabisa.

Kwa hiyo kanuni za mtungi, kwa hali ya hewa ya Isiolo, ziko hivi. Usijazwe hadi pomoni. Ujazwe kwa kupimwa kwenye mizani, na ubaki na nafasi ya maji kupanuka. Usiachwe ndani ya gari juani. Utolewe uwekwe kivulini, penye upepo. Ufungwe kwa mikono ya chuma iliyopigiwa bolti kwenye bodi ya gari, kamwe usilazwe tu kwenye buti ukabingirika, na ukae mbali na bomba la moshi. Usipashwe kwa moto wa aina yoyote, hata mkaa, hata kwa dakika moja, kwa sababu alumini hulegea kabla haijaonyesha dalili. Vali yake ina kisahani cha usalama kinachopasuka presha ikizidi, kwa kawaida karibu na 200, ili mtungi wenyewe usipasuke. Kisahani hicho lazima kiwe na bomba la kutolea gesi nje ya gari, la sivyo siku kikipasuka dereva atajikuta anavuta gesi ya kicheko badala ya hewa, akiwa ameshika usukani. Kanuni za Marekani zinataka mtungi upimwe upya kila baada ya miaka 5, na sioni kwa nini wetu usipimwe vivyo hivyo.

Anayedhani ni tahadhari ya kupita kiasi na akumbuke Mojave, California. Tarehe 26 Julai 2007, wahandisi waliokuwa wakijaribu mfumo wa nitrasi oksaidi kwa ajili ya roketi walipatwa na mlipuko. Watu 3 walikufa. Hakukuwa na moto wowote uliowashwa. Hao walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Kampuni yao ndiyo iliyokuwa imefikisha SpaceShipOne angani mwaka 2004 kwa gesi hii hii na mpira.

Swali ambalo lazima lijibiwe kabla mtu hajaenda kwa fundi wa kuchomelea: kama siri ni oksijeni, kwa nini usichukue mtungi wa oksijeni wa jua kali? Jibu ni hapana, tena hapana isiyo na mjadala. Oksijeni tupu haina nitrojeni ya kuutuliza moto, na silinda itapata joto ambalo hakuna chuma cha injini kilichotengenezwa kulivumilia. Isitoshe, oksijeni ya presha ikikutana na oili au grisi inaweza kuwasha moto bila cheche. Injini imejaa oili.

Ingia gereji yoyote uombe kuonyeshwa pistoni iliyotoboka. Uishike mkononi. Utaona kichwa chake kimekuwa na tundu lenye kingo laini, zilizoviringika kama nta ya mshumaa, na pembeni vitone vya alumini vilivyoganda. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660. Moto ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000 kila mzunguko. Kinachoiokoa pistoni siku zote ni utando mwembamba wa gesi tulivu unaoshika juu ya chuma, na petroli ya kutosha inayopoza huku ikiungua. Nitrasi ikiingia na petroli ya kuandamana nayo isiingie, oksijeni iliyokosa mafuta huanza kuila injini yenyewe. Kilo moja ya nitrasi inataka petroli isiyopungua gramu 105 hivi, na mafundi waangalifu huzidisha, hawapunguzi. Injini nyingi zinazokufa kwa nitrasi zinakufa kwa njaa ya petroli: pampu dhaifu, fileta ya mafuta iliyoziba kwa vumbi, injekta moja chafu kati ya nne.

Muuaji wa pili ni mgongano, ule mlio wa kokoto ndani ya kopo unaosikika gari likipanda mlima. Petroli iliyobaki hulipuka yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia, na mshindo wake huupangusa ule utando wa kinga. Zamani petroli ilitiwa risasi ili kuzuia hilo. Kenya iliachana nayo mwishoni mwa 2005, kwa manufaa makubwa ya ubongo wa watoto wetu. Adui wa sasa ni mafuta taa yanayochanganywa kwenye petroli na wafanyabiashara wasio na utu. Mafuta taa hugongana upesi sana. Wizi huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili uchanganyaji usiwe na faida. Katika gari la kawaida petroli iliyochakachuliwa huleta kutetema na moshi. Katika gari lenye nitrasi, sekunde chache zinatosha kutoboa pistoni. Asiyekijua kituo anakonunua mafuta asiuguse mtungi.

Ndiyo maana mfumo uliofungwa vizuri una swichi nyingi, na kila swichi ni mlinzi. Ya kwanza huruhusu gesi pale tu pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini. Ya pili huizuia injini ikiwa chini ya mizunguko 3,000 hivi kwa dakika, kwa sababu injini inayozunguka polepole hukaa na presha ya moto wa silinda muda mrefu na hupinda fimbo za pistoni. Ya tatu huikata gesi papo hapo presha ya petroli ikishuka. Muda wa kuwaka kwa plagi hurudishwa nyuma, takriban nyuzi 2 kwa kila nguvu za farasi 50 zinazoongezwa, na plagi zenyewe hubadilishwa kuwa za baridi zaidi. Na kamwe gesi isifunguliwe injini ikiwa imezimwa: huingia kwenye mabomba ya hewa pamoja na mvuke wa petroli, ikasubiri, na atakayewasha gari ndiye atakayeilipua.

Kipimo gani basi? Chukua Probox, gari la kazi la kaskazini nzima. Injini yake ya sisi 1,500 ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 109 hivi. Kuiongezea 50 ni kuibebesha karibu nusu nyingine, na Probox za Isiolo zimekwisha kubeba kila kitu kinachobebeka. Injini ya namna hiyo ipimwe kwanza mgandamizo wa silinda zote nne. Ikionekana silinda moja imelegea, habari ya nitrasi iishie hapo. Kwa kweli, kwa fedha ya mtungi na vifaa vyake, Probox iliyochoka ingepata fileta mpya za hewa na mafuta, plagi, pampu na oili nzuri, na mwenyewe angeshangaa kuona nguvu aliyodhani haikuwepo ilikuwa imezikwa na vumbi.

Tena nguvu ya mtungi haidumu. Mtungi wa kawaida wa magari huchukua kilo 4.5 hivi za gesi. Ukiutumia kwa nguvu za farasi 50 bila kuachia, unakwisha baada ya dakika 3 au zaidi kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, hizo ni kama kilomita 6. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni karibu kilomita 500. Madereva wa miraa, wanaoshuka kutoka Igembe na kukimbizana na majani yanayonyauka ili yafike Marsabit na Wajir yakiwa mabichi, hawana haja na gesi ya dakika tatu, na wameshazika wenzao wa kutosha bila hiyo.

Je, wajua kwamba hata asiye na gari Isiolo ana nitrasi oksaidi jirani? Boma la mifugo huitoa. Samadi na mkojo vilivyorundikana ndani ya uzio vinapooza, vijidudu vya udongoni huitengeneza gesi hiyo hiyo ikapaa kimya. Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2020, ukiwashirikisha watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ulionyesha kwamba maboma ya nchi kame huendelea kuitoa kwa makumi ya miaka baada ya wenyewe kuhama. Alama yake unaweza kuiona kwa macho, lile duara la majani mabichi katikati ya kichaka kikavu, mahali ambapo mzee atakuambia palikuwa na boma la babu fulani. Kilo kwa kilo, gesi hii huipasha dunia joto mara 270 hivi kuliko kaboni dioksaidi, na hukaa angani zaidi ya miaka 100.

Turudi barabarani, kwa sababu huko ndiko ninakohofia. Kabla ya lami kuelekea Moyale kukamilika katikati ya muongo wa 2010, mashimo na mawe ndiyo yaliyokuwa kidhibiti mwendo. Sasa kutoka Isiolo hadi Archers Post lami imenyooka na kulainika kiasi cha kumshawishi hata dereva mtulivu. Mtungi huongeza nguvu ya injini peke yake. Breki, tairi na macho ya dereva hubaki vile vile. Gari lililokuwa likienda 80 likifika 160, umbali wa kusimama kwa breki hauwi mara mbili bali mara nne. Na jioni ngamia huvuka. Miguu yake ni mirefu kuliko bampa na boneti, kwa hiyo gari humpiga magotini, na mwili wa karibu nusu tani huangukia kioo cha mbele na kuingia ndani walipo watu.

Kijana wa Isiolo mwenye mtungi, ifunge vali yake kwa mkono wako kabla hujatoka gerejini, na uifungue tu kwenye njia iliyofungwa kwa mashindano, ambako ngamia hawezi kuvuka.